Uliza Tukujibu: Kuvuka Bara kuona tembo, viboko na Mto Rufiji

Likizo inakaribia, na barua zilizotufikia safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: vipi mtu wa visiwani ataiona Hifadhi ya Taifa ya Nyerere na mto wake bila ya kupoteza pesa na siku. Safu yote ya leo tumeiweka huko. Barua tumezifupisha.

Tuko sita: wazee wawili na watoto wa miaka 4, 9, 12 na 17. Tunataka wanyama na mto pia, si vumbi tupu. Tuna siku nne, kuondoka Unguja hadi kurudi. Tupite wapi?
*Baba wa familia, Jang'ombe*

Nendeni Nyerere. Ni sehemu ya kaskazini ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Ukubwa wake unapita kilomita za mraba 30,000, na Unguja na Pemba ukiziweka pamoja hazifiki 3,000. Ukubwa huo usikutishe. Wageni wengi hukaa kwenye kipande cha kaskazini mashariki tu, kuanzia lango la Mtemere hadi kwenye maziwa ya Nzerakera, Manze na Tagalala, na Rufiji unapita kusini yake.

Chukueni boti ya asubuhi kutoka Malindi. Mwendo wake hadi Dar es Salaam ni kiasi cha saa mbili. Gari iwe imeshafika bandarini kabla yenu, na iwe inayovuta magurudumu yote manne. Mpaka Kibiti ni lami, takriban kilomita 140, ila foleni ya Mbagala peke yake inaweza kula saa nzima. Kutoka Kibiti mnaacha lami mnashika njia ya Mloka, kijiji kilicho jirani na lango la Mtemere, kama kilomita 100 za vumbi na makorongo, na hapo ndipo watu wanapokosea hesabu: wanaona kilomita 240 wanadhani ni mwendo wa saa tatu. Wekeni saa tano hadi sita. Mkitoka bandarini saa 4 asubuhi, mtafika Mloka saa 10 jioni na viuno vinauma.

Siku hiyo msiingie hifadhini ikiwa malazi yenu yako nje ya lango. Kibali cha kuingia ni cha saa 24 na cha kuingia mara moja. Ukitoka kwenda kulala Mloka kimekwisha, hata kama umekaa ndani saa moja tu, na kesho unalipa upya. Laleni, muwe langoni saa 12 asubuhi, mmalize siku nzima ndani. Siku ya tatu shukeni mtoni na mapema, kisha murudi Dar. Ya nne mnavuka. Anayelala kambi ya ndani ya hifadhi hesabu yake ni nyengine: yeye akiingia jioni hapotezi kitu.

Langoni hawapokei pesa taslimu. Unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipia kwa simu, benki au kadi. Mtandao wa Mloka una siku zake, kwa hiyo ni salama zaidi kulipia kabla hujaondoka mjini. Watu wazima wachukue kitambulisho cha NIDA au pasipoti, na watoto vyeti vya kuzaliwa, kwa sababu raia analipa kwa shilingi na mgeni kwa dola, na baina ya viwango hivyo pana bahari. Kwa umri mlioutaja, wa miaka 4 halipi kitu, wa 9 na 12 wanalipa cha mtoto, na wa 17 ni mtu mzima, maana cha mtoto kinaishia miaka 15. Ongezeni kodi ya VAT na ada ya gari, ambayo wengi huisahau.

Zipo ndege ndogo kutoka uwanja wa Karume, mara nyingi zikipitia Dar. Mzigo ni kilo 15 kwa mtu, tena katika begi laini. Sanduku gumu halienei katika tumbo la ndege hizo, na utaliacha uwanjani.

Je, Saadani haitoshi? Ni karibu zaidi, na sisi wa Pemba tunaweza kupitia Tanga.
*Msomaji, Wete*

Inatosha ikiwa unataka usiku mmoja na huna haja ya wanyama wengi. Saadani ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndiyo pekee ya Tanzania Bara iliyo ukingoni mwa Bahari ya Hindi huku simba na twiga wakiwa humohumo. Mto wake ni Wami: viboko, mamba, mbega juu ya miti ya ukingoni, mikoko karibu na mdomo. Huko chini maji yanapwa na kujaa kama kwenu, kwa hiyo saa ya boti hupangwa kwa maji. Uliza kabla ya kupanga chakula. Kutoka Tanga unapitia Pangani na Mkwaja, na kutoka Dar unapitia Bagamoyo. Ila tembo wa Saadani ni wachache na wana haya. Mtoto aliyeahidiwa tembo mpeleke Rufiji.

Mwezi gani ni mzuri?
*Msomaji, Paje*

Juni hadi Oktoba. Masika, Machi hadi Mei, kambi nyingi hufungwa na njia ya Mloka huwa udongo mweusi unaonata: gari halizami kwa kina, linateleza tu na kuzunguka palepale mpaka linalala korongoni. Juni na Julai mto bado una maji mengi, nyasi ni ndefu, wanyama wametawanyika, asubuhi kuna baridi inayotaka sweta kwelikweli. Septemba na Oktoba nyasi zimeanguka, vidimbwi vya porini vimekauka na kila mnyama anateremka ziwani na mtoni. Hapo utaona wengi kwa siku moja kuliko wiki nzima ya Juni. Gharama yake ni joto, na mafungu ya mchanga yanayozuia boti. Tukiulizwa tuchague mwezi mmoja, tutataja Septemba.

Jambo jengine la kujua ni kwamba juu ya sehemu ya watalii sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024. Kina cha mto chini yake hakifuati mvua peke yake kama zamani. Kambi ikikwambia leo boti haipiti njia ile ya jana, usidhani unadanganywa.

Mimi ni nahodha, nimekulia baharini. Mke wangu amesoma kwamba boti za Rufiji ni za hatari na hataki kupanda. Mto una nini ambacho Nungwi hakuna?
*Nahodha, Nungwi*

Una viboko, bwana nahodha, na una mkondo usiorudi.

Huku juu Rufiji hauna bamvua wala maji mafu. Maji yanakwenda upande mmoja usiku na mchana. Mashine ikizima, kungoja maji yajae uelee hakupo. Chombo kinateremka ubavu mpaka kikwame kwenye fungu au kiingie katikati ya kundi la viboko. Ndiyo maana nahodha wa huko anayeijua kazi huanza kwa kupanda mto, akarudi kwa kuteremka: mashine ikifa njiani, mkondo wenyewe unamleta nyumbani. Ukiona anaanza kwa kuteremka, muulize kama ana mashine ya akiba.

Maji yana tope, chini huoni. Wewe umezoea kuisoma rangi ya maji juu ya mwamba; huko utausoma uso wake. Palipo na viwimbi vidogo vinavyometameta pana fungu chini yake. Palipo laini, kimya, pana kina. Mto unapopinda, kina kiko kona ya nje, ule upande ukingo unaomomonyoka. Kona ya ndani ni mchanga. Mafungu yenyewe yanahama kila baada ya mafuriko, kwa hiyo hata mwenyeji hutegemea macho kuliko kumbukumbu. Boti zao ni za bati la alumini, chini bapa, hazina mkuku, ili zikipanda fungu zisukumwe kwa upondo.

Kiboko, basi. Dume hupita tani moja na nusu, lakini haogelei kama unavyodhani: anatembea na kuruka chini ya mto, na anaweza kukaa chini kiasi cha dakika tano. Kimbilio lake ni maji ya kina. Ukimzibia njia ya kuyafikia, atakupitia wewe. Kwa hiyo boti hupita upande wa maji machache na kumwachia kina, ijapokuwa macho ya mtu wa bahari yanaona ni kinyume. Akizama, angalia mstari wa mapovu na mgongo wa maji unaovimba. Nahodha akipunguza mwendo ghafla pasipo na kitu, ameuona mstari huo. Na akipanua kinywa ukaona meno ya chini yaliyosimama kama vigingi vya ngalawa, huo si mwayo wa usingizi, anakufukuza. Mamba aliyelala mchangani kinywa wazi ni habari nyengine kabisa: yeye anajipoza tu.

Ajali nyingi ndogo huletwa na abiria. Mtu anapiga kelele "tembo!" na watu kumi wanahamia upande mmoja na simu zao. Mke wako avae jaketi la kuokolea, akae palepale alipopangiwa, asitie mkono majini hata kuosha kidole. Akifanya hivyo, boti iko salama kuliko gari iliyompeleka.

Saa bora ni saa 10 jioni mpaka jua linatua. Ukingo wa mchanga uliokatika wima utauona umejaa matundu, kila moja linaenea ngumi, na ndege aina ya keremkerem wanaingia na kutoka kama nyuki. Juu ya mivumo, ile minazi ya porini yenye shina lililovimba katikati, hukaa furukombe, tai mla samaki. Mto wenyewe si mgeni kwetu. Boriti nyingi zilizobeba dari za Mji Mkongwe zilikatwa mikokoni mdomoni mwake zikaletwa kwa majahazi, na manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza hapa bandarini kwetu tarehe 20 Septemba 1914, ilikwenda kujificha kwenye delta hiyohiyo mpaka ikamalizwa mwaka uliofuata.

Nimeambiwa nisivae baibui jeusi porini. Ni kweli au ni maneno ya watu?
*Bi mmoja, Chake Chake*

Ni kweli, na sababu yake ni mbung'o.

Mbung'o hufuata kitu cheusi au cha buluu kinachokwenda, na gari yenye watu waliovaa nyeusi kwake ni nyati anayetembea. Ndiyo maana mitego ya mbung'o utakayoiona imening'inizwa mitini ni vitambaa vya buluu na vyeusi. Vijana wa Unguja hawamjui, kwa sababu kisiwani alimalizwa: madume waliofanywa tasa kwa mionzi waliachiwa kwa ndege kuanzia 1994, wa mwisho wa porini akanaswa 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o tena. Bara wapo. Ni mkubwa kuliko nzi, akitua mabawa yake yanapandana kama makali ya mkasi, na anatoboa kitambaa chepesi bila ya taabu. Dawa ya kupaka ya mbu humzuia kidogo sana. Madereva wengine hufukiza kinyesi kikavu cha tembo ndani ya kopo nyuma ya gari. Harufu yake unaizoea.

Baibui lako liwe la rangi ya udongo, kijivu au kijani kilichopauka, kitambaa kizito kiasi, na ndani yake suruali pana, kwa sababu ngazi ya gari iko juu na pindo refu hunasa. Ushungi ufungwe kwa pini mbili. Kwenye boti upepo hauombi ruhusa. Jinzi mpya za buluu nazo ziacheni nyumbani, hilo wanaume hulisahau. Kanzu nyeupe ndani ya gari haina neno. Kwa matembezi ya miguu pamoja na askari mwenye silaha haifai, inaonekana kutoka mbali mno, na kwa kawaida mtoto chini ya miaka 12 hachukuliwi katika matembezi hayo.

Ukiumwa na mbung'o kisha ukapata homa wiki zinazofuata, mwambie dakta kwamba uliumwa. Malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, ni nadra kwa wageni, lakini dakta asiyeambiwa hataitafuta.

Swala tutasali wapi tukiwa siku nzima ndani ya gari?
*Msomaji, Mkoani*

Kushuka kunaruhusiwa langoni, kambini na kwenye sehemu maalumu za kupumzikia, si penginepo. Mwambieni dereva asubuhi, apange kuwa hapo adhuhuri. Kujumuisha na kupunguza kwa msafiri masharti yake mnayajua, na asiyeyajua amuulize shehe wake kabla ya kuondoka. Kibla hakibadiliki kwa mtu wa visiwani, ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo tu. Maji ya udhu chukueni ndani ya dumu. Msiteremke ukingoni kutawadha, hata pakiwa kimya na maji yakiwa ya kifundo cha mguu: mamba huwinda hapohapo mtu anapoinama.

Kwetu malaria imekwisha. Kuna haja ya dawa kwa safari ya siku nne?
*Msomaji, Mwanakwerekwe*

Haijakwisha, imepungua. Maambukizi Zanzibar yamekuwa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi, na hilo ndilo linalokuweka hatarini: mwili wako hauna tena kinga aliyonayo mtu wa Rufiji, na bonde la Rufiji lina malaria. Mwenyeji akiumwa kichwa, wewe utalazwa.

Chandarua chenye dawa, na mikono mirefu kuanzia magharibi. Dawa ya kinga zungumza na dakta wiki moja kabla. Doksisaiklini, kwa mfano, huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, kidonge kila siku, na huendelea wiki nne baada ya kurudi. Si ya wajawazito wala watoto chini ya miaka 8. Watu huiacha siku wanayoshuka bandarini Malindi, na hilo ni kosa, kwa sababu vijidudu vinakuwa bado vimejificha ini. Homa yoyote kuanzia siku ya saba tangu uanze safari mpaka miezi mitatu baada ya kurudi, nenda kapime siku hiyohiyo na useme ulikuwa wapi.

Simu inatosha kwa picha? Na droni?
*Kijana, Michenzani*

Simu inatosha kwa tembo, twiga na machweo, haitoshi kwa ndege. Chukua darubini badala ya kuhangaika na kamera ya bei. Droni iache nyumbani. Bila ya kibali hairushwi hifadhini.

Nina wanafunzi 40 wa skuli ya sekondari. Tunaweza kwenda Nyerere kwa basi?
*Mwalimu, Makunduchi*

Basi la kawaida litafika Mloka kiangazi, ila ndani litazama kwenye mchanga, na boti za kubeba watu 40 mtazigawa mara nne au tano. Kwa idadi hiyo Mikumi ni rahisi zaidi. Treni ya mwendokasi kutoka Dar hadi Morogoro ni kama saa mbili, kisha basi kwa lami mpaka langoni, kwani barabara kuu ya Iringa inakatiza hifadhi. Ilianzishwa 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na kwenye uwanda wa Mkata kiangazi basi linapita njia kuu. Bwawa la viboko haliko mbali na lango. Mto wa kupanda boti hakuna, hilo wanafunzi waambiwe mapema. Barua ya skuli yenye majina na umri iende hifadhini mwezi mmoja kabla.

Mwaka jana tulikaa Nyerere siku mbili. Kila siku tulitoka saa 3 asubuhi baada ya chai, tukarudi saa 8. Tuliona twiga na swala pala tu. Dereva alituzungusha?
*Msomaji, Fuoni*

Saa zenu ndizo zilizowazungusha. Simba anawinda usiku na alfajiri. Saa 3 ameshalala, na saa 5 yuko chini ya kichaka ambacho gari linakipita kwa hatua kumi bila ya mtu kumwona. Mbwa mwitu, ambao Nyerere ni moja ya makao yao makubwa yaliyobaki Afrika, wanakimbia jua linapochomoza na linapozama, mchana wanalala kama majani makavu. Juni hadi Agosti huwa na watoto pangoni na hawaendi mbali, kwa hiyo madereva wanajua pa kuwatafuta.

Tembo nao wana historia yao. Katikati ya miaka ya 1970 eneo lote la Selous lilihesabiwa kuwa na zaidi ya 100,000. Hesabu ya 2013 ilikuta kiasi cha 13,000, wengine wakiwa wameishia kwa majangili. Waliobaki hawalipendi gari. Ukimwona amefungua masikio na amekunja mkonga chini ya kidevu, dereva arudi nyuma taratibu. Hapo si pa kuomba picha moja zaidi.

Na msikimbizane na redio. Dereva akisikia "simba kule" mnakwenda mbio nusu saa, mnakuta magari sita na mkia. Simamisheni gari kando ya Ziwa Manze au Tagalala saa 12 na nusu, zimeni mashine, mkae dakika 40. Waangalieni swala pala: wote wakiacha kula na kutazama upande mmoja, kuna kitu upande huo. Tumbusi wakishuka mmoja mmoja mahali pamoja, kuna mzoga. Twiga aliyesimama kama mlingoti bila ya kutafuna anamwona mtu ambaye nyinyi hamumwoni.

Mambo hayo yanataka kuagizwa kambini usiku, kabla mpishi hajalala: chai itiwe kwenye chupa, mikate ifungwe, mtakula ziwani, ndani ya gari, na vioo vimefungwa. Nyani wa huko si kima punju wa Jozani. Mkono wake unafika mpaka kwenye kikapu.